Nyuki kwa Fundi wa Rejeta

"Usifungue!" Janas alipiga kelele, kipande cha mkate kikiwa bado mdomoni. "Mzee, toa mkono hapo, utababuka uso!"

Mzee aliyekuwa ameinama mbele ya pikapu aliachia kifuniko cha rejeta akarudi nyuma. Mvuke ulikuwa ukifoka kwenye kila upenyo wa boneti. Gari lilikuwa zee, buluu yake imepauka kwa jua, na lilikuwa limeshuka kinyumenyume kutoka kwenye kona za mlima mpaka mbele ya kibanda cha Janas, maana kupanda lilikuwa limekataa katakata. Hayo hayakumshtua fundi. Magari yaliyochemsha mlimani ndiyo yaliyomlisha tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kilichomshangaza ni kwamba injini ilikwisha zimwa, na gari bado lilikuwa linavuma.

"Umebeba nini huko nyuma?"

"Nyuki," alisema mzee, kisha akakumbuka adabu. "Usichoke, fundi."

"Nawe usidhalilike," Janas aliitikia salamu hiyo ya Kipashtuni, lakini aliitikia akiwa ng'ambo ya barabara.

Muqarab, muuza chai wa jirani, alicheka mpaka akamwaga maziwa. "Mtazameni Mpashtuni! Babu zake hawakukimbia mizinga ya Waingereza, yeye anakimbia mizinga ya asali!"

Mzee hakucheka. Aliitwa Zarin Gul, na alikuwa akitoka bonde la Swat, kaskazini, ambako maua yalikuwa yamekwisha, kuelekea Karak, kusini, ambako mikunazi ilikuwa ndiyo kwanza inachanua. Nyuki husafirishwa usiku, milango ya masanduku yao imezibwa kwa wavu, na desturi ni kufika kabla ya jua. Sasa jua lilikuwa limewakuta njiani, tena jua la Septemba la huku kwetu, lisilo na haya.

"Wakikaa wamefungiwa mpaka adhuhuri, masega yatalainika na kuwaangukia," alisema. "Nyumbani sikuacha hata mzinga mmoja. Maisha yangu yote yako hapo nyuma."

Janas aliona aibu ya kusimama mbali. Alijikaza, akavuka barabara, akasubiri joto lipungue, kisha akakizungusha kifuniko taratibu kwa kitambaa. Ndani alikuta utando wa njano, mzito, umegandia kwenye shingo ya rejeta. Aliuchota kwa kidole, akaunusa.

"Mzee, hii nini?"

"Nta."

"Nta gani?"

"Ya nyuki, kwani kuna nyingine? Rejeta ilikuwa inavuja kidogo, nikayeyusha nta nikamimina. Mimi kila kinachovuja nakiziba kwa nta. Debe, ndoo, hata paa la jikoni."

"Umetia nta kwenye kitu ambacho kazi yake ni kuchemka?"

"Nyumbani ilishika vizuri."

"Nyumbani gari lilikuwa baridi, mzee wangu!" Janas alijipiga paji la uso. Alikwisha ona manjano ndani ya rejeta, alikwisha ona ute wa yai, sabuni, na siku moja tambi. Nta hakuwahi. "Imeyeyuka, imezunguka injini nzima, ikarudi kuziba mirija. Lazima niishushe rejeta, niibandue kichwa, nizibue mrija mmoja mmoja. Hapo tunazungumzia Alasiri, na mimi si mvivu."

Zarin Gul aliketi chini, mgongo kwenye tairi. "Basi wamekufa," alisema.

"Si uwafungulie tu watoke?"

"Wakanywe nini?" Mzee alinyoosha kidole uani. "Nyuki akishikwa na joto, cha kwanza ni maji. Watashuka pale."

Janas alitazama. Kila rejeta aliyoifungua aliimwaga hapohapo, na uwanja wake ulikuwa umejaa vidimbwi vya ile dawa ya kijani ya kupoza injini, inayong'aa, ambayo kila mtu wa kazi hii anajua kuwa ni tamu na kwamba inaua. Mbwa wawili wa Muqarab walikwisha kufa kwayo. Maisha yake yote alikuwa akiviruka vidimbwi hivyo bila kuviona.

Mvumo nyuma ya pikapu ulibadilika. Ulikuwa umepanda mpaka ukawa kama kilio, na sasa ukaanza kushuka. Zarin Gul aliinua kichwa, na Janas akajua bila kuuliza kwamba nyuki walikuwa wanaishiwa nguvu.

Alichukua sepeto. Akakimbilia lundo la mchanga kando ya barabara, akarudi mbio, akafukia kidimbwi cha kwanza, akarudi tena. Muqarab aliacha birika zake akaja na karai. Zarin Gul, na uzee wake, alichota kwa shali. Walifukia uani, walifukia mtaroni, walifukia chini ya benchi la kufanyia kazi. Kisha Janas akabingirisha pipa lake la maji safi, yale ya kunywa, akalowesha magunia na kuyatandaza juu ya masinia ya Muqarab.

"Sasa," alisema huku anahema, akajifunga kilemba usoni mpaka yakabaki macho tu.

Mzee alibandua nyavu moja baada ya nyingine, polepole, akinong'ona bismillahi kwa kila sanduku. Nyuki walimwagika nje wakapanda juu wakawa wingu, na kwa kitambo Janas aliamini kuwa ndio mwisho, wamekwenda zao. Kisha wingu likashuka. Wachache walitua pale palipokuwa na kidimbwi kikubwa, wakatembeatembea juu ya mchanga mkavu, wakaondoka. Magunia yakageuka rangi kwa wingi wao.

"Alhamdulillahi," alisema Zarin Gul, na machozi yakamtoka waziwazi, wala hakuyafuta.

Janas akaingia kazini. Aliishusha rejeta, akaielekezea moto mpaka lehemu ikalegea na kichwa kikabanduka. Alipopitisha ubapa mwembamba wa chuma kwenye mirija, nta ilitoka kama tambi za njano, na banda lile lililozoea kunuka dizeli likanukia asali. Alilehemu tundu lililokuwa linavuja. Aliisuuza injini kwa maji ya moto hadi yakatoka meupe. Yote hayo aliyajua kama mtu anavyojua njia ya kwenda msikitini.

Lakini kuirudisha rejeta kulimlazimu apite karibu na masanduku, na hapo ndipo alipoona.

Mlangoni pa kila sanduku nyuki walikuwa wamejipanga safu. Hawakuruka, hawakutembea. Walishikilia ubao kwa miguu, vichwa chini, mabawa yakienda kasi hata hayaonekani.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanapoza nyumba," alisema Zarin Gul, kama mtu anayesema fulani yuko dukani. "Leta mkono. Wee, usipunge! Ulete taratibu, hawana ugomvi na wewe."

Janas aliuleta mkono taratibu. Upande wa kushoto wa mlango, walikosimama wale nyuki, pumzi ya moto ilimgonga kiganjani. Akausogeza kulia, kusiko na nyuki. Huko hewa iliingia ndani. Mzee akafunua kifuniko kidogo, akamwonyesha vitone vya maji vilivyopakwa juu ya masega, vidogo kuliko punje za mtama, na nyuki wengine wakivipepea. Kutoka humo ubaridi ulimpanda Janas usoni, katikati ya mchana ule wa kuoka mikate.

Akainama akatazama. Maji, hewa, mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kazi yake nzima ilikuwa mle, ndani ya sanduku la mbao, bila moto, bila lehemu, bila bisibisi, inafanywa na wadudu aliokuwa akiwakimbia. Alihisi kitu ambacho hukihisi akiwa amesujudu tu, na wakati mwingine hata hapo hakihisi.

"Nani kawafundisha?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Aliyekufundisha wewe," alisema mzee. "Ila wao walisikiliza zaidi."

Janas alirudi mbele akaitazama feni ya pikapu, iko wazi, haina kasha la kuikinga. Mafundi wengi huliondoa kasha hilo kwa sababu linazuia mkono, na yeye ndiye wa kwanza. Feni ilikuwa inakoroga hewa ileile ya pembeni, inapeperusha bila kupitisha. Alikata debe la samli la Muqarab, akalikunja duara, akalifunga kuizunguka feni ili upepo usiwe na pa kupita ila katikati ya rejeta. Muqarab alilalamikia debe lake mpaka Alasiri.

Jua lilipoinama, nyuki walirudi wenyewe. Nyavu zikarudishwa. Janas alisema anapanda na mzee hadi kileleni, kuhakikisha kazi yake, na Zarin Gul hakumuuliza zaidi.

Kwenye kona kali mshale wa joto ulipanda. Zarin Gul alianza kusoma dua. Ukapanda tena kidogo, ukasimama, na kona zote zilizobaki haukusogea.

Kileleni mzee alizima injini. Boneti ilikuwa kimya. Chini upande wa pili bonde la Karak lilikuwa limeingia kivuli, na harufu ya maua ya mikunazi iliwafikia kabla hawajaiona miti. Janas alishuka akazunguka nyuma. Nyuki mmoja alikuwa amesahaulika nje ya wavu, ameshikilia ubao, kichwa chini, anapiga mabawa peke yake, ingawa upepo wa mlima ulikwisha kuwa baridi.

Janas alikitia kidole mate, kama anavyofanya akitafuta panapovuja hewa, akakisogeza karibu na mabawa yale, na akaibana pumzi yake mwenyewe ili aihisi ile nyingine.