Kichupa Kilichokaa Dirishani

Majibu ya damu ya saa nne asubuhi yalisema mia moja na sabini. Ya jana jioni yalikuwa mia mbili na arobaini. Mtoto alikuwa na siku tatu, hakuwa amepewa tiba yoyote, na daktari alikuwa ameshaandika aende nyumbani.

Mtaalamu wa maabara, ambaye manesi humwita Bwana Kanuni, aliitazama karatasi mara mbili. Bilirubini, ile rangi ya manjano iliyomo kwenye damu, haishuki hivyo yenyewe kwa usiku mmoja. Ikizidi, huharibu ubongo. Alikagua mashine, akaikuta nzima, akapanda wodini.

Mama mtu alikuwa ameshavaa viatu. Bibi alikuwa na mfuko begani.

"Kichupa cha damu kilikaa wapi kabla ya kunifikia?" Bwana Kanuni alimuuliza nesi.

"Dirishani, kwenye korido. Nilikuta mapokezi ya maabara yamefungwa. Ulikuwa chai, bosi."

"Juani?"

"Dakika arobaini hivi."

"Mwanga huivunja hiyo rangi. Tumepima iliyosalia. Nataka damu nyingine."

"Nyingine?" bibi akadakia. "Mwanangu, huyu si bomba la maji. Kisigino chenyewe hakifiki kidole changu gumba."

"Matone machache tu, bibi."

"Hata jana yalikuwa machache."

Mama mtu akavua viatu. "Mchukueni," alisema.

Nesi alichoma kisigino, akakiviringisha kichupa kwa karatasi nyeusi. Bwana Kanuni alishuka nacho mwenyewe. Mia tatu na kumi na mbili. Kwa mtoto wa umri ule, tiba huanza kwenye mia tatu.

Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa. Bibi alitaka kuelezwa tena, polepole. Akaelezwa: mwanga unaoivunja rangi kichupani huivunja na mwilini, kupitia ngozi.

"Kwa hiyo kichupa ndicho kilichopona," alisema, "mtoto akabaki anaumwa."

"Ndivyo hasa."

Kwenye daftari la makosa, nesi alikuwa ameshaandika: sampuli iliachwa juani. Bwana Kanuni aliongeza chini yake: mapokezi yalifungwa bila mtu wa zamu, kosa langu. Akatia saini.

Jioni kipimo kilisoma mia mbili na themanini. Bibi aliusukuma mfuko chini ya kitanda, akaomba kiti.