Shairi la Dirishani Kwangu

Vitabu vilipigwa marufuku katika chumba cha kufumia nguo kiwandani, lakini hakuna aliyetaja karatasi. Basi sisi wasichana tukawa tunabandika mashairi kwenye vioo vya madirisha, tunasoma huku vitambaa vinafumwa. Bwana Tuttle, msimamizi wetu, alijifanya hayaoni.

Aksa Philbrick, niliyelala naye kitanda kimoja bwenini, alikuwa msichana wa milimani New Hampshire, mwoga hata wa kuomba chumvi mezani. Siku moja akanipa shairi lake, halina jina. Lilisema mto unaozungusha mashine zetu hapa Lowell umepita kwanza kwao, kwenye mawe alikokuwa akichovya miguu. Wameufunga kwa mabwawa, ila bado ni mto, naye bado ni yeye. Nikalibandika dirishani kwangu.

Bwana Tuttle akalisoma mara mbili. "Kaandika nani hili?"

Nikajua mambo yameharibika. Aksa angekaripiwa, angekufa kwa aibu. Mimi nina uso mkavu. "Mimi, bwana."

Kumbe mzee limemgusa! Akalipeleka kwenye gazeti la wasichana wa viwandani, likakubaliwa, na jina langu, Lovina Peaslee, chini yake.

Asubuhi niliposikia habari hiyo, niliuweka chini mkate wa mahindi, nikamgeukia Aksa. "Nenda kamwambie ni lako."

"Liache, Lovina. Mradi litasomwa."

"Shoga, usinichekeshe! Shairi zima 'mimi ni mimi', halafu huyo mimi kajificha nyuma ya sketi yangu! Mie hata ng'ombe sijui kumsifia."

Akacheka. Nilimpenda sana Aksa, na nilijiona mwizi.

Siku hiyohiyo Bwana Tuttle akaniletea nakala ya kwanza kutoka kwa wachapaji, niikague. Aksa akazima mashine zake zote mbili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaja kusimama kati yetu. Midomo ikacheza. Kelele za chumba zikayameza maneno yake.

"Unasemaje?" Bwana Tuttle akainama.

"Ni langu!" Aksa akapiga ukelele. "Nimeliandika mimi!"

Mzee akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa, machozi yananitoka. Akatoa penseli mfukoni, akampa Aksa. Aksa akakata jina langu, akaandika lake, lote, bila kulifupisha. Sijapata kufutwa mahali nikafurahi namna ile.