Mfuko wa Kijani wa Bwana Acidri

Zamani, katika kliniki yetu ya Koboko, dawa zote zilitoka dirisha moja, zikiwa zimefungwa kwenye gazeti kuukuu. Malaria gazeti, minyoo gazeti, presha gazeti. Mimi Night, ninayeuza mitumba sokoni, nilipokea vidonge vyangu vya virusi vya UKIMWI, nikavitia kikapuni, nikapita mbele ya wambea wote wa mji huu. Hakuna aliyejua lolote, kwa sababu kifurushi changu kilifanana na vya wengine.

Kisha akaletwa Bwana Acidri kutoka Arua, mtaalamu wa sheria ya kulinda taarifa za wagonjwa. Alikuja na viatu vinavyong'aa na semina yake. Kutwa nzima aliwaambia wauguzi kwamba magazeti ni aibu, kwamba wenye virusi wanastahili faragha ya hali ya juu. Faragha yenyewe aliichapisha Kampala: mfuko wa kijani, umechorwa kufuli, wa wenye virusi peke yao. Eti ndani hakionekani kitu! Msomi mzima. Tena langoni askari lazima auone, ahakikishe dawa haikutoka wazi. Haikupita wiki, hata wauza mihogo walijua mfuko ule ni wa nini.

Wakati huo nilikuwa nimeposwa na Tombe, fundi baiskeli wa Kuluba, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe. Nilikuwa nimepanga kumweleza mwenyewe, kwa kinywa changu, Jumapili baada ya ibada. Maneno nilikuwa nayo tayari. Sikuomba kingine ila kusema mwenyewe.

Ijumaa zamu yangu ya dawa ikafika. Nilimsihi muuguzi Santina anifungie kwenye gazeti kama zamani.

"Night, mimi hapana weza," alininong'oneza. "Ile bwana nasema, mutu akitoka bila mufuko, kazi yangu naisha."

Lango letu linatazama soko. Askari akataka kuuona mfuko, nikauinua. Ng'ambo ya barabara Alice, dada yake Tombe, alikuwa akichagua nyanya. Akaacha kuchagua.

Jioni Tombe akapiga simu. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Night, hii maneno, wewe hapana weza ambia mimi? Mpaka mimi nasikia kwa soko?"

Nilimwambia nilikuwa nangoja Jumapili. Hata masikioni mwangu mwenyewe ilisikika kama uongo. Akakata simu, na hajakanyaga Koboko tena. Nililia, kisha nikamchukia Acidri kwa moyo wangu wote.

Mwezi uliofuata nilimkuta kliniki na mpiga picha. Alikuwa anatafuta mgonjwa wa kupamba ripoti yake, macho yakaniangukia mimi.

"Mama, simama hapa na mufuko. Uso yako tutaficha."

Angeficha uso! Gauni langu, kikapu changu, kilemba changu, soko zima linavijua. Nikamnyooshea ule mfuko.

"Bwana, kwanza shika hii. Pita nayo kwa soko mpaka kwa gari yako, halafu rudi. Picha nitapiga."

Alicheka, akatazama huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Akautazama mfuko, akalitazama soko, akatia mikono mifukoni mwa suruali.

"Hapana, mama. Pale watu iko najua mimi. Itasema nini?"

"Itasema nini kwani? Si ndani hapana onekana kitu?"

Santina aliinamisha kichwa. Bwana Acidri akamwambia mpiga picha kwamba mwanga umeharibika, ilhali jua la saa sita lilikuwa linatuchoma sote. Akatoka langoni mikono mitupu, na askari akampigia saluti.

Nikafuata nyuma yake.

"Mama," askari akaniambia, "inua mufuko."

Nikauinua.