Mnada wa Vitabu vya Mwalimu Elinaza

Kuku alipiga ukelele mmoja mkali, mabawa yakapapatika, kisha sauti ya mwanamume ikadakia katika kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma: "Mtetea huyu! Ameokoka huyu! Hajawahi kutagia kwa jirani! Nani anaanza?"

Kicheko cha watu kikapanda, kikashuka. Nanyori aliyasikia hayo yote macho yakiwa yamefumbwa. Usingizi ulikuwa umemnasa katika chumba cha nyuma cha kanisa, kichwa chake kikiwa juu ya boksi na miguu imenyooka sakafuni kama ya mtu aliyeangushwa. Siku hizi usingizi haukumbishia hodi. Ulimkuta jikoni, ukamkuta kwenye foleni ya maji, ukamkuta hata makaburini, siku ile walipomzika baba yake.

Miaka minne alikuwa amemuuguza Mwalimu Elinaza. Alifunga cherehani yake kule mjini, Levolosi, kwa kamba, akaiacha kwa jirani, akapanda mlimani kwa kile alichodhani ni wiki mbili. Macho ya mzee yalianza kuzimika kabla ya miguu, na kwa kuwa mzee bila kitabu alikuwa kama mbuzi bila majani, kazi ya kusoma ilimwangukia binti. Alisoma kwa sauti. Alisoma asubuhi, alisoma saa ya dawa, alisoma akikatizwa na kikohozi kila ukurasa. Maboksi yote manne ya vitabu yalipita kinywani mwake, neno kwa neno.

Kaka yake alipomaliza matanga alisema, "Dada, hivyo ni karatasi tu. Solomoni wa karanga anachukua kwa kilo."

Nanyori alikataa. Wala si kwamba alivipenda; alikuwa amevichoka hadi mifupani. Lakini kitabu ulichokisoma chote kwa sauti, mgonjwa akikuangalia mdomo, huwezi kukutana nacho stendi kimekunjwa pembetatu kinamwaga karanga. Kwenda navyo Levolosi hakuweza. Chumba chake kilikuwa kimoja, na ndani yake kitanda, cherehani na jiko vilishagombania nafasi siku nyingi. Ndipo akavileta kanisani, Jumapili ya mavuno, viwe sadaka. Alitaka kitu kimoja tu: avione vikiingia mikononi mwa watu watakaovifungua. Kisha apande bodaboda, ashuke mjini, alale.

Wazee wa usharika walikuwa wamekubali kwa sharti moja. Kitakachobaki mnadani atakichukua Solomoni, maana stoo ya kanisa ilikuwa imejaa mahindi. Na Solomoni, mtu mchangamfu asiye na kinyongo na kiumbe chochote, alikuwa ameshafika. Alisimama langoni na gunia lake tupu, akimtabasamia kila mtu.

Mnada wa huku mlimani una mambo yake. Mtu huleta alichonacho, ndizi, kahawa, kuku, maboga, na baada ya ibada vitu vinanadiwa uwanjani. Ukinunua yai si lazima uende nalo. Unaweza kulirudisha liuzwe tena, na yai moja likauzwa mara tano bila kupasuka. Au unalinunua na kumtunuku mtu, ukimtaja jina kwa sauti, naye hana budi kusimama na kupokea. Kukataa ni aibu. Wengi wamependana kwa njia hiyo, na wengine wamepigana vijembe kwa njia hiyo hiyo, mchungaji akiangalia pembeni.

Mnadishaji alikuwa Yoeli, fundi wa matofali mwenye kifua cha ng'ombe dume. Alijivuna kwamba hajawahi kubakiwa na kitu, hata kiazi. Alipofikishiwa maboksi ya Nanyori, alichukua kitabu cha juu, akakipima mkononi, akakigeuza, akakigongagonga mgongoni.

"Haya! Kitabu! Angalieni kilivyoshiba! Kina mgongo, kina kifua, kurasa zake zote zimo, hakikohoi! Nani anaanza?"

Mbuzi aliyefungwa kwenye mti wa mgrevilea akajibu.

"Mbuzi amefika bei," mtu akasema, watu wakacheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

Yoeli akajaribu cha pili, akajaribu cha tatu. Jasho likaanza kumtoka. Nanyori, aliyeamshwa maboksi yalipotolewa na sasa ameketi kwenye ngazi za kanisa, alimwona Solomoni akilikung'uta gunia lake taratibu, kwa adabu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Kinahusu nini hicho?" akauliza Mama Magdalena, kiongozi wa kwaya, mwanamke aliyejua kila nyumba ya kijiji inapika nini na kwa hasira gani.

Yoeli akamgeukia Nanyori. Nanyori akajibu pale pale alipoketi, bila kuinuka: "Upelelezi. Maiti inakutwa kwenye ghala la kahawa."

"Nakichukua!" Magdalena akaenda mbele, akakifungua, akakaa nacho kidogo, kisha akakiinua juu. "Namtunuku mhazini wetu, Mzee Kaanaeli. Akasome wanavyokamatwa!"

Uwanja ulipasuka. Watu walicheka wakashikana mabega. Mzee Kaanaeli, ambaye hakuwahi kula hata sumuni ya kanisa, aliinuka na mkongojo wake akakipokea, shingo imesimama.

"Ahsante, mama," akasema. "Na mimi naomba kile kikubwa chenye picha ya kaburi la mfalme. Ni historia ya kale, eti? Namtunuku Magdalena. Atakutana na wenzake."

Basi hapo moto ukashika. Kila aliyekuwa na jambo moyoni alipata kitabu cha kulisemea. Cha kufuga nguruwe alitunukiwa mwanamke ambaye ua wake haufagiliwi. Cha mapishi alipewa bibi harusi wa juzi. Mashairi yakamwendea bubu wa kikao, yule asiyechangia hata salamu. Kila jina lilipotajwa uwanja ulicheka, na kila aliyetajwa alirudi kukaa akiwa amebadilika rangi. Yoeli sasa alikuwa anaimba. Boksi la kwanza likaisha, la pili likaisha. Nanyori aliangalia mikono ikipokea vitabu, akajisemea moyoni: vimekwenda. Mbona basi moyo wake haukutua?

Ndipo kijana mmoja wa kwaya, kutoka safu ya nyuma, akanunua kitabu chembamba cha ushauri wa ndoa. "Namtunuku Baba Nancy!"

Kicheko kilianza, kikajikwaa. Frederick, ambaye wote walimwita Baba Nancy, alikuwa amekimbiwa na mke tangu Pasaka. Esther alimchukua mtoto akarudi kwao, na hakuna aliyejua sababu, ingawa wote waliieleza. Frederick akaja mbele. Akakipokea kitabu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Kisha akatembea moja kwa moja hadi langoni, akakitumbukiza ndani ya gunia.

"Fungia karanga, Solomoni," akasema. "Labda karanga zitashaurika."

Mzee Kaanaeli akaguna, akainuka, akapeleka chake. Mama wa nguruwe naye akapeleka. Bibi harusi akapeleka huku machozi yanamlenga. Walikwenda mmoja mmoja, bila fujo, kama wanaokwenda kutoa sadaka, na gunia likaanza kushiba.

Nanyori aliinuka. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na alikuwa na hasira ya mtu aliyekatizwa usingizi kwa miaka minne. Alivuka uwanja mzima bila kumsalimu mtu. Akalishika gunia kwa pembe zake za chini.

"Taratibu, dada," Solomoni akasema, "hilo lina tundu..."

Akalimimina lote majanini.

"Baba yangu hakuwa na bunduki ndani ya nyumba yake," Nanyori akasema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Nimekaa humo miaka minne, nimefagia kila kona. Hizi risasi mmezitoa wapi?"

Akaokota kimoja majanini, akakiinua wakione.

"Kila mmoja hapa amempa mwenzake kitabu cha dhambi yake. Nani atakisoma? Wewe, Yoeli, ukipewa kitabu kwa sababu unanuka jasho, utakifungua?"

"Mimi tena nimefanya nini?" Yoeli akasema, akijinusa.

Wachache wakacheka, na kicheko kile kikamsaidia Nanyori kupumua. Akachuchumaa, kwa kuwa kusimama kulimshinda, akaanza kuvipanga vitabu kwenye nyasi. "Mzee Kaanaeli. Shikamoo. Njoo hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sitaki wezi. Wezi wa kahawa nimepambana nao tangu ujana."

"Unataka nini?"

Mzee akaona haya kidogo. "Usiku silali," akasema.

Nanyori akampa cha mapishi.

"Hiki? Mimi nipike?"

"Baba alipofikia hali ya kunywa uji mtupu, alinifanya nimsomee hiki. Pilau. Chambua mchele, osha, kaanga kitunguu hadi kiwe rangi ya hudhurungi. Nilisoma polepole. Nyama haijaiva, amelala."

"Kwa hiyo nikalale na pilau."

"Kalale nayo, mzee."

Kaanaeli akakitia kitabu kwapani, akaondoka akinong'ona: chambua mchele, osha.

Watu wakasogea. Nanyori hakuwauliza wana kasoro gani. Aliwauliza siku zao zinakwendaje. Bibi harusi akasema mume anarudi na usingizi, mazungumzo hakuna. Akampa hadithi za kutisha, akamwambia awe anamsomea kwa sauti, na akifika pabaya afunge kitabu. Mama wa nguruwe akachukua riwaya ya mapenzi na kuificha ndani ya khanga haraka kama mtu anayeiba. Yule bubu wa kikao alitaka abaki na mashairi yake. Aliyaokota mwenyewe, akafuta nyasi kwenye jalada, akaondoka bila neno.

Mama Magdalena alikuja wa mwisho katika kundi lile, mikono kiunoni. "Haya na mimi. Nipe cha ulimi, nimeshajua."

"Wewe chukua kile cha upelelezi."

"Nilikinunua kwa ajili ya mhazini!"

"Ulikifungua pale mbele ukasoma ukurasa mzima. Nilikuona."

Magdalena akatazama huku na huku. "Nilitaka tu kujua maiti ni ya nani," akasema.

Vilivyobaki vilikuwa vitabu vya maswali ya mitihani, vya mtaala uliokufa kabla ya watahiniwa wake kuota ndevu. Nanyori mwenyewe akavirudisha ndani ya gunia. Solomoni akashukuru kwa dhati, kama vile amepewa zawadi, akaliziba lile tundu kwa majani na kulitupa gunia begani.

Frederick alikuwa bado amesimama kwenye uzio, mgongo kwenye mibuni. Nanyori akamfuata. Kila hatua ilimgharimu.

"Hukuja," akamwambia.

"Mimi nimeshatunukiwa, hukusikia?"

"Kile nimekikalia. Hakuna atakayekiona tena."

Frederick akachuma kokwa moja ya kahawa, mbichi bado, akaiviringisha vidoleni. Alikuwa amekonda usoni kama mtu anayekula akiwa amesimama. "Mama yako alipofariki," akasema, "Mwalimu alisoma nini? Nakumbuka alikuwa anakaa pale barazani na kitabu, mwaka mzima. Tulikuwa wadogo. Tulimwogopa."

Nanyori hakutegemea swali hilo. Alirudi kwenye nyasi, akapekua chini ya boksi la mwisho ambalo Yoeli hakulifikia, akaja na kitabu kidogo cha jalada la kijani lililopauka.

"Ufugaji wa nyuki," Frederick akasoma. "Mlikuwa na mizinga?"

"Hata mmoja."

"Sasa?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo nilipokuwa mkubwa. Akasema kilikuwa ndicho kitabu pekee nyumbani ambacho ndani yake hamna mtu."

Frederick akanyoosha mkono, mmoja tu safari hii, akakichukua, akakifungua katikati na kusimama akisoma, midomo ikicheza. Uwanjani Yoeli alikuwa amerudi kwenye maboga, sauti imekauka. Barabarani kijana wa bodaboda akapiga honi. Begi la Nanyori lilikuwa limeshafungwa nyuma ya pikipiki tangu kabla ya ibada.

"Basi mimi nashuka," Nanyori akasema. "Nimechoka, Baba Nancy. Nikilala leo, msinitafute hadi Jumatano."

"Hiki si kikubwa," Frederick akasema bila kuinua macho. "Nitakimaliza. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Baada ya nyuki, mtu anasoma nini?"

Nanyori alilijua jibu. Baada ya nyuki baba yake alisoma safari za mbali, kisha vichekesho, na siku moja Nanyori, akiwa jikoni, akamsikia mzee anacheka peke yake barazani, akadhani amepata wazimu. Lakini kumwambia mtu sasa hivi kulikuwa kama kumwekea mgonjwa sahani tatu mara moja. Na vitabu vyenyewe vilishatawanyika mikononi mwa watu wa vijiji viwili. Ingebidi kuvifuata nyumba kwa nyumba. Alikitazama kilima. Alikuwa amekwisha kukiaga asubuhi, kila mwamba wake, kwa furaha.

"Nitakuja," akasema chini chini. "Nitakuambia."

Frederick akakifunga kitabu, kidole kikiwa ndani. "Ahadi za pembeni nimeshapewa nyingi. Zinavunjika bila kelele. Ukiweza, sema watu wasikie. Usipoweza, nenda zako kwa amani, sitakulaumu."

Honi ikapigwa tena. Nanyori akavuta pumzi ndefu, ikamfika hadi kwenye magoti yanayouma. Akageukia uwanja, na Yoeli, alipomwona usoni, akashusha kipaza sauti na kuliweka boga chini.

"Baba Nancy!" akaita, ingawa mtu mwenyewe alikuwa hatua moja kutoka kwake. "Wote hawa ni mashahidi. Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao nitapanda huku, mvua inyeshe isinyeshe. Nitakuja nyumbani kwako na kitabu kinachofuata mkononi, na nitakaa hadi ukifungue."