Siku Waliyompima Divin

Siku ya kuwapima wapokeaji, Godelive alibadilishana zamu na mwenzake wa nyumba ya wazee anakofanya kazi, akapanda basi na mwanawe Divin kutoka Lawrence Heights hadi kwenye ukumbi mkubwa wa mazoezi kaskazini mwa Toronto. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, na theluji iliyobaki kando ya barabara ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Mapajani alikuwa na bakuli la plastiki lenye bugali na majani ya muhogo, limefungwa kwa taulo. Waliposhuka alimshukuru dereva, kama anavyowashukuru madereva wote.

Divin alikuwa amemaliza mwaka wake wa mwisho kwenye timu ya chuo kikuu. Alicheza ule mpira wenye umbo la yai, unaochezwa kwa mikono, na kazi yake, ya mpokeaji, ilikuwa kukimbia mbali, kugeuka na kuudaka. Siku hiyo wasaka vipaji wa timu za kulipwa wangempima yeye na wenzake: urefu, viganja, mbio, na namna wanavyodaka. Waliopendeza wangeitwa na timu hizo mwezi wa tano. Wasiopendeza wangetafuta kazi nyingine.

Kwanza walipanga foleni wakiwa na fulana zenye namba, kaptula na soksi tu. Aliyewapima viganja alikuwa Kanizfatema, mtaalamu wa viungo anayeishi Mississauga, aliyezaliwa Arusha na kuletwa Kanada akiwa msichana. Alikuwa amemwona Godelive akiingia, akamsikia akimsemesha mwanawe kwa Kiswahili, akamwamkia, "Shikamoo mama." Godelive, ambaye kwao Bukavu hawaamkiani hivyo, alijibu, "Jambo, mama. Aksanti," akaenda kukaa jukwaani.

Kanizfatema alimtaka kila mchezaji atandaze mkono mezani, akapima kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kiganja cha Divin kilikuwa cha kawaida.

"Anayefuata," akasema.

Aliyefuata alikuwa Josaphat, kaka yake Divin, aliyefariki miaka minne iliyopita.

Alivaa kama wengine, ila fulana yake haikuwa na namba. Kanizfatema alimpima. Hakuna kiganja alichokipima asubuhi hiyo kilichokuwa kikubwa kama hicho.

"Mikono yako ni ya baridi," alimwambia.

"Ndiyo. Ni siku nyingi sasa."

"Isugue kabla hujaanza kudaka. Anayefuata."

Divin alikuwa akimsubiri pembeni, anafunga kamba za viatu. Alimwambia kwa Kiingereza, lugha waliyozoea kuzungumza wao wawili, kwamba amechelewa kama kawaida yake. Josaphat akasema mabasi ya Jumamosi ndivyo yalivyo.

Kutoka jukwaani Godelive aliwaona wote wawili. Alishuka ngazi polepole, kwa sababu ya goti, akafika mbele ya mwanawe mkubwa.

"Papa," alimwita, kama akina mama wa kwao wanavyowaita watoto wao wa kiume, "umekula?"

"Bado, mama."

Akamfungulia bakuli la Divin. Josaphat alikula amesimama, na mama yake akamfuta mdomo kwa pembe ya taulo. Hakumuuliza anatoka wapi wala atakaa hadi lini. Alisema, "Aksanti, Yesu," kisha akainamisha bakuli kuona kama chakula kitatosha.

Josaphat alikufa hospitalini, siku mbili baada ya mechi. Madaktari walisema ubongo ulivimba. Kocha wake, Doyle, alileta maua na kubeba jeneza begani pamoja na wanaume wa kanisa, na Godelive alimshika mikono yote miwili akamshukuru. Tangu hapo alimpigia simu kila Krismasi kumshukuru tena. Doyle baadaye aliacha chuo, akaajiriwa na timu ya kulipwa kuichagulia wapokeaji. Asubuhi hiyo alikuwa humo ukumbini, filimbi shingoni.

Baada ya vipimo vya mwili kulikuwa na maswali ya kichwa. Kila mchezaji aliketi mbele ya Kanizfatema, akaulizwa mambo mepesi ili ijulikane akili yake imetulia. Josaphat alipoketi, mama yake alisimama nyuma yake, na Kanizfatema akauliza kwa Kiswahili.

"Tuko mji gani?"

"Toronto."

"Mwezi gani?"

"Wa tatu. Siku ile nilisema Bukavu."

"Siku ipi?"

"Siku ya mechi. Niligongwa kichwa, nikawekwa kwenye benchi. Kocha akaniuliza tuko mji gani, nikasema Bukavu. Akacheka, akasema haidhuru, huko nako ni mjini. Akanirudisha uwanjani."

Doyle alikuwa hatua chache kutoka hapo. Kwa kuwa ilikuwa kazi yake kuhakikisha majibu yote yameeleweka, Kanizfatema alimtafsiria. Doyle akaitikia kwa kichwa.

"Nakumbuka," alisema. "Jukwaa lilikuwa limejaa wasaka vipaji, wametoka mbali kumwona yeye tu. Ningemketisha vipi?" Akampa Josaphat mkono. "Unaonekana vizuri, kijana. Umekuwa mwepesi."

Josaphat aliupokea mkono, maana ndivyo alivyolelewa. Kisha Doyle akamnyooshea Godelive. Godelive alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili, na hakuliweka chini.

"Nilikushukuru," alimwambia kwa Kiingereza chake cha kazini.

"Ndiyo," Doyle akasema. "Kila Krismasi. Ilinigusa sana."

Akapuliza filimbi, kwa sababu wakati wa mbio ulikuwa umefika.

Mbio zilikuwa za yadi arobaini, na mashine mwishoni ilirekodi mtu alipopita. Wachezaji walikimbia mmoja mmoja, lakini Divin alipoinama mstarini, Josaphat aliinama kando yake, kama walivyozoea utotoni kwenye njia iliyo nyuma ya majengo yao. Hakuna aliyewazuia. Mashine ilirekodi wa kwanza kupita, na muda ulipotangazwa wasaka vipaji wote waliinua vichwa.

"Huo si muda wangu," Divin alisema huku akihema. "Ni wa kaka."

Msaka vipaji mmoja alimshauri auchukue tu, kwani mashine haijui ndugu.

"Nikiitwa kwa mbio zake," Divin akamjibu, "huko nitazikimbia na nani?"

Akarudia peke yake. Muda ulikuwa wa katikati, si mbaya wala si wa kumsisimua mtu. Doyle alisema hatua zake za kwanza ni nzito, na kwa hilo alisema kweli.

Kwenye kudaka mambo yalikuwa mengine. Josaphat alikwenda kusimama pale Divin alipotakiwa kugeuka, na kila mara, kabla mpira haujafika, aliinua kidole. Divin aligeuka na kuukuta mpira unamsubiri kifuani. Hakuangusha hata mmoja. Zamu ya Josaphat ilipofika, alidaka kwa mkono mmoja mipira ambayo mrushaji mwenyewe aliomba radhi kwa kuirusha vibaya. Ilitoka mikononi mwake ina umande, na kila mara mtu aliifuta kwa kitambaa kabla ya kuirudisha.

Wasaka vipaji walikusanyika.

"Huyu mkubwa ndiye mpokeaji kamili," alisema mmoja.

"Amekufa."

"Hilo nimeliona. Nauliza kama kanuni zinakataza."

Walijadiliana. Kanuni hazikutaja kifo popote, lakini zilisema mchezaji huitwa mwaka anaomaliza chuo, na mwaka wa Josaphat ulikuwa umepita. Walisikitika. Mmoja wao alikuwa amesafiri kutoka Calgary, na alisema mikono kama ile haionekani kila siku.

Karibu na mwisho, mchezaji wa chuo kingine aitwaye Ehsan aliruka kuufuata mpira, akaangukia kisogo. Alikaa chini, anatazama mwanga wa dari. Kanizfatema alisema apumzishwe. Doyle alisema amebakiza zamu moja tu, na watu wametoka mbali. Ehsan akainuka, akaenda mstarini. Josaphat alikimbia naye hadi mwisho, mkono wake umetandazwa nyuma ya kichwa cha Ehsan, kama mtu anavyoshika shingo ya mtoto mchanga. Siku hiyo Ehsan hakupatwa na kitu.

Mama na wanawe wawili walirudi nyumbani kwa basi. Godelive alikaa katikati. Njia nzima alikuwa akiwashukuru watu kimyakimya: mwenzake aliyempa zamu, Kanizfatema aliyeuliza kwa Kiswahili, mrushaji, hata yule wa Calgary. Doyle hakuwa miongoni mwao.

Mwezi wa tano Divin aliitwa, jina lake likiwa karibu na la mwisho, na timu moja ya huko magharibi kwenye tambarare. Walisema mbio zake ni za kawaida, lakini hugeuka kama mtu aliyeambiwa. Alikata simu, akakaa sakafuni na kulia, kisha akamtazama kaka yake aliyelala kwenye kochi.

"Aksanti, kaka," alisema, kwa Kiswahili ambacho mama yake hakuwa amekisikia kinywani mwake tangu akiwa mdogo.

Josaphat alitaka kumsindikiza hadi huko. Kwenye uwanja wa ndege mhudumu alitazama kitambulisho chake, akasema picha ni yake kabisa, ila muda wa kitambulisho umekwisha. Josaphat hakubishana. Walimkumbatia Divin, wakamtazama hadi alipopotea nyuma ya mashine za ukaguzi. Godelive alikuwa ameiogopa sana siku hiyo, siku ya kurudi kwenye nyumba tupu. Sasa alirudi na mwanawe mkubwa, aliyembebea mkoba.

Kanizfatema, ambaye tangu siku ya vipimo alizoea kupita kuwaona, alimsaidia Godelive kupiga simu chuoni kueleza jinsi Josaphat alivyorudishwa uwanjani. Mwanamume mwenye sauti ya upole alieleza kwamba jambo la Josaphat lilifungwa zamani, baada ya mazishi. Godelive alisema mwanawe yupo hapa jikoni na anaweza kueleza mwenyewe. Mwanamume akasema maelezo ya mhusika hayatoshi, hasa akiwa katika hali hiyo, akamtakia siku njema. Kiangazi hicho Doyle alipandishwa cheo. Ehsan aliitwa na timu nyingine, na huko pia makocha walikuwa na filimbi.

Jumapili moja, baada ya kanisa, Godelive alikuwa akiosha viazi vitamu, na Josaphat amekaa mezani. Siku ya ile mechi yeye alikuwa kazini. Miaka yote ile alikuwa kazini.

"Kabla hawajakugonga," alimuuliza bila kugeuka, "ulikuwa umecheza vizuri?"

"Vizuri sana, mama. Kuna mpira mmoja niliudaka, watu wote walisimama."

"Ulikuja namna gani?"

"Juu sana. Na nyuma yangu."

Godelive alifuta mikono. "Nionyeshe."

Josaphat akasukuma kiti, akasogea hadi mlangoni, akamgeuzia mgongo. Mama yake alichagua kiazi kimoja kirefu, akakipima mkononi, akakirusha. Alikirusha vibaya, juu mno, kikaelekea dirishani. Josaphat alinyoosha mkono mmoja nyuma ya bega, hakutazama, akakidaka.

"Hivyo?" mama akauliza.

"Hivyo."

"Rudia," Godelive akasema, akachukua kingine, akakaa kwenye kiti alichokiacha Josaphat. "Mara hii nataka kusimama."