Oili Namba Hamsini

Cleophas aliishika shafti ya turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza. Shafti ya turbo haitakiwi kucheza, na hii ilikuwa imelegea kama jino la mtoto wa darasa la pili. Alipoivuta nje aliona ile sehemu iliyopaswa kung'aa imekuwa nyeusi, imeungua kwa kuzunguka bila oili.

"Imeisha?" Oduor aliuliza.

"Imeisha. Na injini yenyewe pia imeisha."

Oduor ndiye aliyekuwa dereva wa lori hilo. Tangu asubuhi ya Jumamosi hiyo alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu mbele ya gereji, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa, akimtazama fundi akifungua kitu kimoja baada ya kingine. Alhamisi, akiwa amebeba miwa kutoka Butere, turbo ilikatika na injini ikaanza kujinyonyea oili yake yenyewe. Alizima swichi, haikuzima. Ilizidi kunguruma peke yake na kutoa moshi uliofunika barabara nzima, hata akashuka na kuziba mdomo wa bomba la hewa kwa gunia, na hapo ndipo alipoungua. Mwishowe chuma kilitoboa ubavu wa injini na kila kitu kikanyamaza. Lori lilifika Kakamega likivutwa na trekta.

Watu hawakungoja fundi afungue. Walikuwa wameshasema kwamba Oduor anakanyaga mafuta kama mtu anayefukuzwa, kwamba vijana wa kuja hawana uchungu na mali ya watu, kwamba lori jipya haliwezi kufa miezi mitano tu baada ya kununuliwa bila mkono wa dereva. Muhonja, mwenye lori, alikuwa ametuma ujumbe: Jumapili baada ya kanisa familia ingeketi, na fundi aje aseme kilichoua gari. Atakalosema Cleophas ndilo litakaloshikwa. Oduor alilijua hilo, ndiyo maana hakuondoka pale juu ya tairi.

Na kwa nini neno la Cleophas lishikwe? Kwa sababu hakuwa fundi wa kubahatisha. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa nyuma ya soko la Kakamega, na hakuna lori la miwa lililozeeka pande zile bila kupita mikononi mwake. Ukimletea gari linalogonga, hakukimbilia spana. Alichomoa dipstiki, akachukua tone la oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua taratibu huku amefumba macho, na wateja wakanyamaza kana kwamba anaomba. Kisha alitoa hukumu, na mara tisa kwa kumi hukumu ilikuwa namba hamsini, ile oili nzito isiyotoka mkebeni kwa haraka. Kwa matrekta na malori ambayo vyuma vyake vimelika, hamsini ilikuwa dawa kweli. Ilijaza nafasi, ikatuliza kelele, ikapunguza moshi. Wenye magari wakaenda zao wakimsifu, na sifa hizo alizizoea.

Lakini lori la Muhonja halikuwa limelika popote. Lilitoka kwenye boksi, kama walivyosema vijana, mwezi wa nne mwaka wa tisini na sita, na ndani yake mlikuwa na kila kitu ambacho marehemu mumewe alimwachia baada ya kulitumikia shirika la reli mpaka akazikwa. Mjane huyo aliita mchungaji akaliombea, kisha akalileta mwenyewe kwa Cleophas, kwani kwao lori ambalo vidole vya Cleophas havijaligusa lilikuwa bado halijabatizwa.

Cleophas alichukua tone, akasugua, akafumbua macho na kucheka. Aliuliza ni nani aliyetia chai ya strungi, ile isiyo na maziwa, kwenye injini ya lori. Oduor, ambaye wakati ule alikuwa na siku tatu kazini, alimwambia kwa adabu kwamba kuna kitabu ndani ya kabati la dereva, na kitabu kina namba ya oili, tena namba mbili pamoja. Cleophas alijibu kwamba kitabu hicho kimeandikwa na watu ambao hawajawahi kubeba miwa. Gereji nzima ikacheka, Oduor naye akacheka. Oili nyepesi ikamwagwa, hamsini ikaingia, na sauti ya injini ikashuka ikawa nzito na tulivu. Muhonja alimpa fundi mikono yote miwili.

Kitabu kilikuwa bado kimo mle kabatini. Cleophas alikitoa Jumamosi hiyo mchana, Oduor alipokwenda kutafuta chai. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Cleophas kilikuwa cha majina ya vyuma tu. Bintiye Mildred, mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, alikuwa amemletea chakula. Cleophas hakuwahi hata siku moja kumwomba mtoto wake amsomee kitu cha kazi. Alimpa kitabu bila kumtazama.

Mildred aliupata ukurasa wenye picha ya kipimajoto na mistari ya namba. Aliusoma kimya, akaurudia, kisha akaeleza polepole kama anavyoeleza darasani.

"Inasema injini ya turbo isiwekwe oili ya namba moja peke yake. Iwekwe hii ya namba mbili, kumi na tano na arobaini. Asubuhi kukiwa na baridi inakuwanga nyepesi, inafika juu kwa turbo haraka. Injini ikipata moto, inakaa kama arobaini, haiwi maji."

"Na hamsini?"

"Hamsini asubuhi inalala chini, Baba. Inachelewa kupanda. Turbo inaanza kuzunguka ikiwa kavu."

Cleophas aliona zile asubuhi zote. Oduor alikuwa akiwasha lori saa kumi na moja, ukungu wa msituni ukiwa bado umekaa barabarani, ili awahi foleni ya kiwandani. Kila siku turbo ilizunguka kavu kwa nusu dakika, labda zaidi, huku ile sauti nzito aliyoisifu mwenyewe ikimdanganya kila mtu kwamba mambo ni mazuri. Aliketi juu ya lile tairi kuukuu la Oduor. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu.

Mildred alitazama mikebe mitupu ya hamsini iliyopangwa ukutani. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda babake. Akafunga kitabu.

"Hakuna mtu amesoma hii isipokuwa sisi wawili," alisema.

Tusimtakase Cleophas. Alifikiria kunyamaza. Alilifikiria jambo hilo kwa makini Jumamosi yote iliyobaki, na Jumapili kanisani alilifikiria tena wakati wenzake wakiimba. Oduor alikuwa mtu wa kuja, hakuwa na ukoo Butere wa kumsimamia. Cleophas alikuwa na gereji, jina na mvi. Lakini Oduor alikuwa pia na watoto wanne katika chumba cha kukodi, na hakuna tajiri angemkabidhi ufunguo mtu aliyeua lori jipya, si Butere, si Mumias, si popote miwa inakobebwa. Wimbo ulipokwisha Cleophas alikuwa ameamua. Alijisikia mwepesi kidogo, akadhani hapo ndipo ugumu ulipoishia.

Waliketi sebuleni kwa Muhonja. Kupitia dirishani shamba lilionekana, na miwa iliyokatwa ilikuwa imelala chini siku ya nne, ikikauka na kupoteza uzito kwa kukosa gari. Isaiah, shemeji ya Muhonja na mzee wa kanisa, alifungua kwa sala ndefu ambayo ndani yake Oduor alikuwa ameshahukumiwa. Oduor mwenyewe alikaa karibu na mlango, mkono wake uliofungwa umelala juu ya paja.

Cleophas alisimama, akamgeukia Muhonja.

"Mama Philip, si Oduor ameua hii lori. Ni mimi. Niliweka oili nzito mahali pa nyepesi. Kitabu ilisema, mimi nikadharau."

Alikiweka kitabu mezani, ukurasa ukiwa wazi. Alieleza habari ya baridi, ya turbo, ya oili inayochelewa kupanda. Alieleza vizuri, pengine hakuwahi kueleza jambo vizuri hivyo maishani mwake. Alipomaliza, hakuna aliyekuwa ametazama kitabu. Isaiah alikuwa akitabasamu kwa upole. Alisema trekta lake limekunywa hamsini ya Cleophas miaka kumi na moja na bado linalima. Mtu mwingine akasema la kwake pia. Mmoja baada ya mwingine walitaja magari yaliyoponywa na Cleophas, hata mengine aliyokuwa ameyasahau, na kila jina la gari lilizidi kuyafuta maneno aliyotoka kusema.

Muhonja alijipangusa macho.

"Fundi, wewe ni mtu wa huruma, tunajua. Lakini usijiharibie jina juu ya kijana ya wenyewe. Marehemu alikuwa anakuaminia sana."

"Mama, mimi sidanganyi."

"Najua unamhurumia. Ata mimi namhurumia."

Cleophas alimgeukia Oduor. Huyu angalau alikuwapo siku ile, alikisikia kile kicheko, alikitaja kitabu kwa mdomo wake mwenyewe. Cleophas alimwomba aseme.

Oduor aliinua macho. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja Cleophas kabisa.

"Mzee, wacha tu," alisema. "Mimi nilikuwanga nazima injini ikiwa bado moto, pale kiwandani, nikikimbilia karatasi ya mizani. Labda ni mimi. Nimefikiria usiku wote, naona ni mimi."

Hakusema hivyo kwa kumwonea fundi huruma. Aliamini. Siku tatu za kusikia kila kinywa kikisema jambo moja zilikuwa zimetosha. Aliinuka, akaweka ufunguo mezani juu ya kile kitabu, akaomba msamaha kwa Muhonja na kwa familia. Muhonja alimwambia asiende na njaa, Oduor akamshukuru, akasema watoto wanamngoja. Walimsikia akivuta baiskeli yake kutoka ukutani. Isaiah akasema kwamba kama wakibahatika kupata injini kuukuu huko Kisumu, fundi ndiye atakayeifunga, na aiwekee ile oili yake anayoijua.

Wasichana walileta maji ya kunawa, kisha obusuma, ugali wa kwao, na kuku. Muhonja mwenyewe alilichukua bakuli, akatafuta kwa kijiko mpaka akaipata firigisi, ile wanayoiita imondo, ambayo haiwekwi mbele ya mtu yeyote tu. Katika nyumba hiyo ilikuwa ya mumewe, na tangu azikwe ilikuwa ikienda kwa Isaiah. Aliiweka kwenye sahani ya Cleophas. Isaiah aliitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Cleophas aliitazama. Alisema hana njaa, Muhonja akasema mtu wa moyo kama wake hawezi kutoka hapo bila kula. Watu kumi na mmoja walikuwa wameshanawa na mikono yao ilikuwa imelowa, wakimngoja, kwani hakuna anayegusa nyama kabla mwenye imondo hajaanza. Mtoto mmoja alimeza mate. Nje, mnyororo wa baiskeli ya Oduor ulikuwa bado ukisikika ukikwaruza kuelekea barabarani.

Akaitia mdomoni, akatafuna. Ilikuwa ngumu, ilichukua muda. Wengine wote wakainamia sahani zao wakaanza kula.