Gari Linalozima Njiani

Gari lilikuwa linazima njiani, na tarehe ya jicho la baba ilikuwa Alhamisi.

Jicho lake la kulia lilikwisha kufa. La kushoto lilikuwa bado linaona mwanga wa dirisha, mtu akipita mbele yake, na rangi nyekundu kama kitu chenyewe ni kikubwa. Presha ya macho, walituambia. Daktari wa kumpasua hakai kwetu. Huja hospitali kubwa ya mji wa pili, anashinda huko siku moja akipasua watu, kisha huyo, na kurudi kwake ni miezi. "Asije akakosa," muuguzi alisema siku tuliyomwandikisha. "Hili lililobaki halisubiri." Basi la asubuhi lingetufikisha mchana, daktari kamaliza. Kwa hiyo ilikuwa gari langu au tukose.

Mimi nachomelea mageti na madirisha. Shule niliiacha mapema, lakini gari langu nalitengeneza mwenyewe hapo uani, kwa sababu kumpa fundi gari kuukuu kama lile ni kumwongezea mtoto wa kulea. Geji ya mafuta ilikufa zamani. Nikitaka kujua petroli ipo kiasi gani, nafungua kifuniko cha tangi, nakiweka juu ya paa la gari, nachovya kijiti nilichokichonga. Kijiti hakinidanganyi.

Ugonjwa ulikuwa hivi. Asubuhi linawaka vizuri. Linakwenda, linakwenda, halafu linaanza kukohoa, linalegea, linazima. Ukihangaika nalo kidogo pembeni linawaka tena kama halikufanya kitu.

"Ni koili," shemeji alisema. Ni kaka wa mke wangu, fundi umeme wa majumbani. Tunamwita Kompyuta, maana gari lolote likiugua yeye husema lipelekwe kwenye kompyuta. "Koili inayotoa cheche ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Ila ungelipeleka tu kwenye kompyuta..."

"Uichomeke wapi hiyo kompyuta? Gari lenyewe halina hata redio."

"Ndiyo maana linakuaibisha. Dada yangu tulikupa mzima, shemeji. Ona unavyomtembeza."

"Mlinipa mkiwa mmeshindwa kumlisha."

Mke wangu mwenyewe alikuwa ametoka jikoni na kisu mkononi. "Hebu acheni kunigawana. Nani amekata mpira na kisu changu cha vitunguu? Siku zote hizi kinanuka tairi, na makali hakina."

"Sijakigusa," nilisema.

"Basi kimejikata chenyewe."

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Aliendesha malori maisha yake yote, na tangu macho yaanze kumtupa amekuwa akiendesha magari ya watu kwa masikio. "Ni kabureta," alisema. "Imeshika uchafu."

"Nimeisafisha, baba."

"Isafishe tena."

Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka, na baba ukibishana naye anakueleza safari aliyoharibikiwa kabla hujazaliwa. Angalau alikuwa ameacha kulalamika kuhusu harufu. Huko nyuma kila akipanda gari alisema kunanuka petroli, kichwa kinamuuma. Nilimwambia nitaangalia. Sikuangalia. Alipoacha kusema nikadhani amezoea.

Gari la petroli likizima, tafuta kwanza viwili: cheche au petroli. Kimojawapo kimekosekana. Mengine yote ni porojo za kijiweni. Siku hiyo hiyo, Jumamosi, nilitoka na Kompyuta, tukaliendesha mpaka likazima karibu na wafyatua matofali. Malori yalikuwa yakipita, vumbi, kelele. Nikaanza na kijiti, kama kawaida. Petroli ipo. Nikachomoa mpira unaoleta petroli kwenye kabureta, nikamwambia shemeji apige stata. Petroli ikaruka, ikanilowesha mpaka kwenye kiwiko. Basi petroli inafika. Ikabaki cheche.

"Nilisemaje?" shemeji alisema. Alifurahi kama aliyepata mtoto.

Tukaweka koili mpya na plagi nne mpya. Gari likawaka, tukarudi nyumbani tukiwa wanaume. Jumatatu likazima tena.

Siku hiyo nilikuwa nimeshinda nikichomelea geti la watu, macho yananiwasha kama yametiwa mchanga. Sikutaka habari za kijiti. Mafuta nilikuwa nimeweka asubuhi, nilijua yapo. Nikafungua boneti, nikachomoa mpira wa petroli, nikamwomba mpita njia apige stata. Mpira ukawa mkavu. Hata tone.

Nilicheka peke yangu barabarani. Pampu! Jumamosi ilikuwa inasukuma, Jumatatu imegoma. Pampu inayokufa huwa hivyo, leo mzima kesho kitandani. Nikapata gari la kunivuta mpaka uani. Jioni ya Jumanne nikaifungua ile ya zamani, nikaitupa kwenye chuma chakavu, na asubuhi yake mnunuzi wa chuma akaibeba pamoja na vipande vya mageti. Nikafunga mpya. Nikazunguka nayo mitaa yetu, sokoni, shuleni, nikarudi. Halikukohoa.

Alhamisi baba alivaa koti lake la kazi, lile la vifungo vya chuma, akakaa mbele akiwa na chupa ya chai mapajani.

"Limepona?"

"Limepona."

"Kabureta umeisafisha?"

"Baba."

"Nauliza tu, mwanangu. Gari ni lako."

Tulipita kituo cha mafuta, tukajaza tangi. Mhudumu alifungua kifuniko, akajaza, akafunga, akakipiga kofi la kwaheri. Barabara ilikuwa nyeupe kwa ukungu, na baridi. Baba alikuwa akiniambia tulipo kwa matuta: hapa kuna daraja, hapa zamani palikuwa na kizuizi. Nikafikiri, na akipona jicho hili moja, nitamleta huku siku nyingine aone mwenyewe kama bado vipo.

Kwenye mlima, nusu ya safari imeshapita, gari likakohoa.

Baba aligeuza kichwa. "Linakata."

"Nimesikia."

"Punguza gia."

"Nimepunguza, baba!"

Likazima. Nikaliacha lirudi nyuma taratibu mpaka kwenye majani, nikaweka mawe kwenye matairi. Nikachomoa mpira. Mkavu. Pampu mpya, mpira mkavu. Kijiti kilikuwa pale pale chini ya kiti, sikukigusa. Tangi lilijazwa nikiona. Mtu hapimi ndoo aliyoichota sasa hivi. Nikajiambia pampu nimeifunga vibaya. Nikaifungua pale pale kwa haraka, na mpira wake wa ndani, ule mwembamba unaopanda na kushuka, ukakwama kwenye bisibisi ukachanika mpaka katikati.

Nilikaa chini kwenye lami.

"Imekuwaje?" baba aliuliza kutoka ndani.

"Nimeiua."

Baba alifungua chupa, akapapasa kikombe, akanimiminia chai, ikamwagika nusu juu ya koti. Magari madogo yalipita, wenyewe wanatazama mbele. Jua likapanda. Mwisho lilisimama lori la saruji, linapumua kwa breki, na dereva wake akatoa kichwa.

"Mnakwenda wapi na huyo babu?"

"Hospitali. Jicho."

"Pandeni. Ila mimi na mzigo huu siendi, natambaa."

Baba alipanda lile lori bila kusaidiwa. Mimi ndiye niliyesukumwa. Alipokaa tu, mkono wake ukaifuata gia, ukaikuta.

"Sita mbele," alisema.

"Nane, babu. Umezeeka wewe na gia zako."

"Nane za nini? Unalima?"

Dereva alicheka mpaka akakosa usukani, na kwa kitambo baba alikuwa mtu mwingine, anauliza habari za matairi na mizani. Mimi nilikuwa naangalia jua. Tulitambaa kweli.

Ukumbi wa macho ulikuwa mtupu. Mwanamke mmoja alikuwa akipiga deki, viti vimepandishwa juu ya vingine. Muuguzi alitoka chumba cha ndani akiwa ameshavua kofia.

"Tumekuita na kukuita, baba. Daktari amefunga vifaa vyake, ameondoka."

"Anarudi lini?" niliuliza.

Alitaja mwezi. Ulikuwa mbali.

"Na jicho litasubiri?" baba aliuliza.

Yule dada alinitazama mimi badala yake. "Tumwombe Mungu, baba."

"Sikukuuliza habari za Mungu, mwanangu. Nimekuuliza habari za jicho."

"Halitasubiri."

"Ahsante," baba alisema. Akatafuta bega langu.

Kompyuta alikuja na gari la kazini kwao, alilopewa jioni hiyo tu, akatuchukua, tukapitia mlimani kulivuta langu kwa kamba. Njia nzima hakutaja kompyuta. Alipoifungua kamba uani alisema, "Pumzika, shemeji," akaenda zake.

Asubuhi yake niliamua kutoa petroli yote tangini, nimpe shemeji, hilo gari nilifunike na turubai nisilione. Palikuwa kimya. Mke wangu alikuwa akikata vitunguu mlangoni mwa jiko, baba yupo kwenye kiti chake. Nikaleta dumu na mpira wa kunyonyea, nikashika kifuniko, nikakizungusha.

Tangi likavuta pumzi. Fyuuuu, ndefu, kama mtu aliyezamishwa kichwa majini akaachiwa.

Nilibaki nimeshika kile kifuniko. Mara zote nilizokifungua barabarani, malori yalikuwa yakipita, ningeisikia wapi? Nikakigeuza. Siku zote hukiweka juu ya paa kifudifudi, sikuwahi kukitazama tumboni. Ndani yake kulikuwa na kipande cha tyubu, cheusi, kimekatwa duara. Kilikuwa kimebana kwelikweli. Kingo zake zilikuwa zimetafunwatafunwa, kazi ya kisu butu na mtu anayekata kwa kupapasa. Pete ingetosha kuzuia harufu, ya kuzunguka ukingo. Yeye alikata sahani nzima, na sahani iliziba tundu la katikati, tundu dogo kama la sindano, ambalo tangi linapumulia. Injini inanyonya petroli, hewa ya kujaza nafasi haiingii, tangi linabana, petroli inagoma kutoka. Halafu mimi naja na kijiti changu, nafungua kifuniko, linapumua, linawaka, na nasema ni koili. Siku niliyoacha kijiti nikasema ni pampu.

Kisu cha mke wangu kilikuwa kimenyamaza.

"Nini?" baba aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Ugonjwa ulikuwa nini?"

"Pampu. Niliifunga vibaya."

"Hujui kudanganya wewe, tangu unachunga mbuzi. Nimesikia tangi linavuta pumzi. Lete hapa."

Nilimpelekea. Ningeweza kuung'oa ule mpira njiani, hatua zenyewe chache, na mkono ulishauelekea. Sikuung'oa. Angeusikia.

Alikipapasa kifuniko kwa nje, akakigeuza, akauzungusha ukingo wa mpira kwa kidole gumba, taratibu, kama anayehesabu meno ya gia. Kidole kikafika katikati kikasimama.

"Tundu liko hapa?"

"Hapo. Dogo sana."

"Malori yangu yalikuwa na kibomba cha kupumulia pembeni. Kifuniko ulikuwa unakiziba unavyotaka."

"Najua, baba."

"Harufu ilikuwa inaniumiza kichwa. Nikaona una kazi nyingi."

"Uliniambia. Nilisema nitaangalia."

"Ulisema."

Mke wangu alikiweka kisu chini kwenye sinia, hakikulia. Jumamosi alikuwa ameshinda akilalamika juu ya hicho kisu. Sasa alikitazama tu, kisha akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji, akamshikisha baba. Baba hakunywa.

"Mmejua kunificha mambo siku hizi," alisema. "Hili usinifiche. Imetugharimu nini? Taja."

"Ya nini, baba?"

"Dereva akiharibu gari anasomewa hasara. Nisomee."

Nikachuchumaa mbele yake. Alikuwa ananitazama, na nilijua anachokiona ni kivuli na mwanga nyuma yake.

"Koili moja," nilisema. "Ya zamani ilikuwa nzima."

"Ndiyo."

"Plagi nne. Nazo zilikuwa nzima. Pampu mbili: nzima niliyoitupa, na mpya niliyoichana."

"Ndiyo."

"Kisu cha vitunguu."

Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Endelea."

"Na jicho, baba."

"Lipi?"

"La kushoto."